Mume Wangu, Mimi na Peugeot ya Marehemu Baba Mkwe

Dada, kama mumeo au mchumba wako ameanza kuaga kila Jumamosi asubuhi na kurudi jioni akiwa na weusi kwenye kucha na risiti zilizokunjwakunjwa mfukoni, usikimbilie kukagua simu yake. Inawezekana kweli kuna mwingine. Ila huyo mwingine ana matairi manne, ana umri mkubwa kuliko wenu nyote wawili, na anakunywa mafuta kama hana akili nzuri.

Kwetu huyo mwingine ni Peugeot 504 saluni ya mwaka 1979, "Pijo" kama wazee wanavyoiita. Aliiacha baba mkwe. Ilikaa miaka chini ya mwembe nyumbani kwao Temeke, kuku wakitaga kwenye siti ya nyuma, mpaka mume wangu alipoamua kwamba atakuwa anaiendesha kila siku kutoka Kijichi mpaka kazini kwake Kinondoni. Na sio kuiendesha hivyohivyo. Anataka isizime kwenye foleni, isirukeruke kama punda kwenye matuta, na isinywe mafuta ya wiki kwa siku mbili. Kwa maneno mengine, anataka sura ya mwaka 1979 na tabia za gari la juzi.

Sio yeye peke yake. Marekani iko kampuni ya Singer, kule California, ambayo kazi yake ni kuchukua Porsche 911 za zamani na kuzijenga upya kwa vifaa vya kisasa, kwa bei ambazo ukizitamka hapa Bongo watu watadhani unauza ghorofa. Sisi wa kipato cha mwezi tunafanya jambo lilelile kwa mkopo wa ofisini na fundi anayekula mihogo ya kukaanga pembeni ya injini.

Tena sio siri, gari lenyewe lina heshima yake. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968 na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Kwetu huku jina lilijengwa na mashindano ya Safari. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, akiwa na msaidizi wake Chris Rothwell, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, dada mkubwa wa hii yetu. Halafu Ove Andersson wa Sweden akaja kushinda mwaka 1975 kwa 504 yenyewe. Ulaya waliacha kuunda saluni zake mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria waliendelea kuziunganisha kwa miaka mingi baada ya hapo. Ndiyo maana mpaka leo ukizunguka Gerezani na Shauri Moyo na subira yako, kipuri hukosi.

Sasa tuje kwenye ugomvi.

Fundi wa kwanza, gereji moja ya Kinondoni, alitoa ushauri ambao mafundi wengi wa mjini watakupa: chomoa injini yote, weka ya Toyota yenye injeksheni pamoja na giaboksi lake na kontroo boksi, maisha yaendelee. Kusema ukweli ni ushauri wenye akili. Vipuri vya Toyota viko kila kona, na fundi anayejua kuzisoma yuko kila mtaa. Mimi niliunga mkono mia kwa mia, maana ndiyo njia rahisi na sisi tuna kiwanja cha Chanika tunachokilipia kwa awamu.

Tukaenda kumweleza mama mkwe, kwa adabu tu, gari ni la marehemu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mume wangu: "Mwanangu, miaka ishirini na kitu nilikuwa naijua sauti ya baba yako tangu anakata kona. Nilikuwa natenga chakula kabla hajafika. Mkiitoa hiyo injini, mtakuwa mmeniletea gari la nani?"

Kimya. Wifi yangu mkubwa, ambaye naye ana hisa yake kwenye mirathi, akaongeza kwamba kama injini inauzwa basi fedha zigawanywe. Tukarudi Kijichi hatusemezani. Mume wangu hakutaka tena kusikia habari za Toyota. Mimi sikutaka kusikia habari za injini ya mwaka 1979. Kwa wiki mbili hivi tuliishi kama wapangaji.

Kilichotutoa ni fundi wa pili, mzee mmoja wa Tandika, mtu wa maneno machache. Alisema injini ibaki, kinachobadilika ni namna ya kuilisha. Na akanitajia kitu ambacho baadaye nilikihakiki mwenyewe: toka mwaka huohuo wa 1968, 504 ilikuwa inauzwa pia kwa toleo la injeksheni, pampu ya Kugelfischer inayozungushwa na injini yenyewe, bila kompyuta yoyote. Kwa hiyo injeksheni kwenye gari hili si uzushi. Tatizo la pampu zile ni kwamba ni ghali na wanaojua kuzirekebisha wamebaki wa kuhesabu. Ya siku hizi ni ya umeme.

Naomba nieleze kidogo, maana wanaume wanapenda kutufanya tuone hizi ni siri za jando. Kabureta haijui kitu. Inamwaga mafuta kadiri hewa inavyopita, iwe asubuhi ya baridi Lushoto au saa nane mchana Kilwa Road. Kwenye foleni yetu injini inapochemka, petroli nayo inachemka ndani ya kabureta na mipira yake, inageuka mvuke, gari linazima, na wenye bodaboda wanaanza kukupa ushauri. Injeksheni ya umeme ina sensa: ya joto la maji, ya hewa, ya jinsi ulivyokanyaga mafuta, na ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Zote zinapeleka habari kwenye kontroo boksi, nayo ndiyo inaamua nozeli zifunguke kwa muda gani.

Ila usidanganyike kwamba ni kufunga boksi na kuondoka. Pampu ya zamani ya kabureta inasukuma mafuta kwa presha ndogo, kama baa 0.3 hivi. Injeksheni ya nozeli nne inataka kama baa 3, yaani mara kumi. Mpira wa mafuta wa zamani ukiachwa pale utapasuka, na petroli inayofukizwa kwa presha juu ya injini ya moto mnajua inaishia wapi. Hapo ndipo nilipokuwa mkali. Nilimwambia mume wangu kama kuna kitu hatutabania ni mipira, klampu zake, na kizima moto ndani ya gari. Tangi nalo lilibidi lishushwe lisafishwe kutu, likaongezewa njia ya kurudishia mafuta yanayobaki. Alteneta ikabadilishwa, kwa sababu kontroo boksi haipendi umeme unaopanda na kushuka. Na boksi lenyewe mzee alilifunga juu, nyuma ya dashibodi. Vijana wake walitaka kuliweka chini ya siti. Akawauliza kama wamewahi kuiona Jangwani wakati wa masika.

Suspensheni nitaipitia haraka, maana haikuleta kilio sana. 504 ilisifiwa kwa springi ndefu na laini, ndiyo maana ilizimudu barabara zetu za vumbi. Kilichokuwa kimekufa ni mpira: bushi zote zilikuwa kama chapati za juzi. Zikawekwa mpya, na shokapu za gesi. Mume wangu alikuwa na ndoto ya kulishusha gari chini na kulifunga springi ngumu kama alivyoona kwenye video. Mzee akamwonyesha sakafu. Gari hili halina chasisi ya kusimama peke yake, bodi ndiyo inabeba kila kitu. Ukilikazia springi huku matuta yetu hayana huruma, mshtuko wote unaingia kwenye bati la miaka arobaini na zaidi na nyufa zinaanza. Akaniangalia: "Shemeji, mwambie. Mimi hanisikii." Nikamwambia. Likabaki na urefu wake.

Kwa wale mnaopanga kufanya kama ile njia ya kwanza, ya kubadilisha injini nzima, kumbukeni namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini, nenda TRA kadi nayo irekebishwe, na kampuni ya bima iambiwe. Kuna watu wanakaa na Toyota ndani ya kadi ya Peugeot wakiomba Mungu trafiki asifungue boneti.

Mnauliza fedha. Mpaka sasa Pijo imekula kiasi cha awamu tatu za kiwanja, na hapo hatujagusa rangi. Hilo ndilo liliniuma zaidi kuliko sauti ya injini ya nani. Risiti zile za mfukoni zilikuwa za vitu ambavyo sikuambiwa. Nilichomwomba ni kimoja: kila Jumamosi kabla hajaondoka, aandike kwenye daftari lililoko jikoni anakwenda kununua nini na kwa kiasi gani. Alinuna wiki ya kwanza. Wiki ya tatu nikakuta ameandika "bushi za mbele" na chini yake "soda ya fundi, 700". Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akaamka. Yeye naye aliomba chake, kwamba mbele ya wageni nisiliite gari la baba yake mkweche. Nimejitahidi.

Linawaka sasa kwa ufunguo mmoja, na kwenye foleni ya Bendera Tatu halizimi. Bado linavuta kidogo upande wa kushoto ukikanyaga breki, na gari lenye nguvu mpya na breki za zamani mimi silipandi na mwanangu, hilo nimeshalisema. Breki zimeandikwa kwenye daftari za mwezi ujao, chini ya awamu ya Chanika, sio juu yake. Mama mkwe ameshapiga simu mara mbili kuuliza safari ya Morogoro ni lini. Anasema siti ya mbele ni yake, na wifi ameshaambiwa atakaa nyuma na mimi.