Kwa nini Dreamliner ya ATCL ilikwenda Mumbai kabla ya London

SHIRIKA la Ndege Tanzania (ATCL) lilipoipokea ndege yake ya kwanza aina ya Boeing 787-8 Dreamliner Julai 2018, Watanzania wengi waliamini kuwa haitachukua muda kabla ya kuiona ikitua London. Ndege ilikuwa mpya, yenye viti 262, na ina uwezo wa kufika Ulaya bila kutua njiani. Hata hivyo, safari yake ya kwanza ya masafa marefu yenye ratiba, iliyoanza Julai 17, 2019, haikuelekea kaskazini bali mashariki, katika jiji la Mumbai nchini India.

Wapo waliouona uamuzi huo kuwa ni wa woga. Lakini anayefuatilia hesabu za biashara ya usafiri wa anga ataona kuwa, kwa shirika lenye ndege moja au mbili kubwa, Mumbai ilikuwa chaguo lenye mantiki kuliko London, na sababu zake zinafaa kufahamika na kila mlipa kodi, kwa kuwa ndege hizo zilinunuliwa kwa fedha zake.

Kwanza ni viti. Shirika likiruka mara tatu tu kwa wiki kwa ndege ya viti 262, kwenda na kurudi, linakuwa limeweka sokoni viti zaidi ya 81,000 kwa mwaka. Kiti kilichoruka kitupu leo hakiwekwi ghalani kikauzwa kesho, kimepotea. Kwa hiyo swali la kwanza katika kuchagua njia haliwi mji gani una jina kubwa, bali ni wapi wapo watu wa kutosha wanaosafiri tayari, na kati yao ni wangapi watakaokubali kuliacha shirika walilolizoea.

Kwa upande wa India watu hao wapo, na wengi wao wanaishi hapa. Kuna wagonjwa wanaopelekwa katika hospitali za huko pamoja na ndugu wa kuwauguza, wanafunzi wa vyuo, wafanyabiashara wa dawa, nguo na vipuri, na familia za Watanzania wenye asili ya India. Wengi wamekuwa wakipitia Addis Ababa, Nairobi, Dubai, Doha au Muscat, na mgonjwa anayesukumwa katika kiti cha magurudumu anafahamu maana ya kusubiri saa tano katika uwanja wa kigeni. Kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai ni takriban kilometa 4,700, mwendo wa saa sita hivi. Anayewaondolea abiria hao adha ya kuunganisha ndege anawauzia kitu ambacho mashirika makubwa ya Ghuba, pamoja na utajiri wao wote, hayawezi kuwauzia kwa kupitia kwao.

Jambo jingine, ambalo halisemwi sana, ni mahali tiketi inaponunuliwa. Mgonjwa wa Mumbai na mfanyabiashara wa Guangzhou hununua tiketi zao Dar es Salaam, ambako ATCL inafahamika, ina ofisi na ina mawakala. Mtalii wa Kiingereza hununua tiketi yake Uingereza, mara nyingi kama sehemu ya kifurushi kinachoandaliwa na kampuni ya utalii ya huko, na jina la ATCL halimwambii kitu. Kumfikia kunahitaji matangazo, mawakala na miaka ya kujijengea sifa. Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2024, na idadi hiyo hutajwa kila inapozungumzwa safari ya Ulaya, lakini sehemu kubwa ya wageni wa Ulaya wanataka kushuka Zanzibar au Kilimanjaro, si Dar es Salaam. Ndege moja haiwezi kutua sehemu zote tatu bila kuongeza saa na gharama.

Guangzhou nayo ina hesabu inayofanana na ya Mumbai. Anayeijua Kariakoo hahitaji kuelezwa ni kwa nini njia hiyo ilifikiriwa. Ilipangwa kuanza Februari 2020, mlipuko wa virusi vya corona ukaivuruga, na ikalazimika kusubiri. Umbali wake ni karibu kilometa 8,700, na mfanyabiashara anayekwenda na begi moja hurudi na mizigo; tumbo la ndege kwa hiyo huingiza fedha upande wa kurudi. Juni 2023 shirika liliongeza ndege ya mizigo, Boeing 767-300F yenye uwezo wa kubeba tani 54.

Hata hivyo, Kariakoo peke yake haitoshi kujaza Dreamliner. Ndiyo maana ramani ya masafa marefu haiwezi kusomwa bila ile ya masafa mafupi. Mfanyabiashara wa Lubumbashi, Ndola, Lusaka au Harare naye anakwenda China, na akiletwa Dar es Salaam kwa ndege ndogo ya ATCL jioni, akaunganishwa na ndege kubwa usiku huohuo, shirika limeuza tiketi mbili kwa mtu mmoja. Huo ndio mtindo uliolijenga Shirika la Ndege la Ethiopia pale Bole na Emirates pale Dubai. Ndege ndogo ni mito, kubwa ni bahari.

Mito ikikauka, hali inakuwa ngumu. Mwaka 2022 ndege za ATCL aina ya Airbus A220 zilianza kusimamishwa kutokana na tatizo la injini za Pratt & Whitney, tatizo lililoyakumba mashirika mengine yenye ndege za aina hiyo duniani. Dreamliner nazo, ambazo zinatumia injini za Rolls-Royce Trent 1000, hazikusalimika. Moja ilikaa muda mrefu nchini Malaysia ikiwa haifanyi kazi. Kwa shirika lenye ndege 100 hilo ni jambo la kupanga upya ratiba. Kwa shirika ambalo wakati huo lilikuwa na Dreamliner mbili, ni nusu ya uwezo wake wa masafa marefu iliyoegeshwa karakanani.

Hapa ndipo hesabu ya muda inapoingia. Kwenda Mumbai na kurudi, pamoja na saa za kuhudumia ndege uwanjani, kwa kukadiria ni saa 14 hadi 15. Kwenda Guangzhou na kurudi ni siku nzima. London, umbali wa kilometa zipatazo 7,500 kwa kila upande, nayo hula karibu siku nzima. Ndege ya safari ya Mumbai ikichelewa kwa hitilafu, bado kuna saa kadhaa za kufidia kabla ya safari ya kesho yake. Ndege ya London ikichelewa, hakuna akiba, na abiria 200 na zaidi wanapaswa kulazwa hotelini na kulishwa kwa viwango vya bei vya London. Dreamliner ya tatu ilipowasili Agosti 2024, manufaa yake makubwa kwa maoni ya mwandishi huyu hayakuwa njia mpya, bali uwezekano wa kuzitunza njia zilizopo zisikatike.

Ikumbukwe pia kuwa London si ndoto mpya. Mwaka 1995 Tanzania, Uganda na Afrika Kusini zilikuwa na shirika la pamoja lililoitwa Alliance Air, likitumia Boeing 747SP ya Shirika la Ndege la Afrika Kusini, na London ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Lilikufa mwaka 2000. British Airways yenyewe, ambayo London ni nyumbani kwake, iliacha kuja Dar es Salaam mwaka 2013. Shirika linalouza tiketi katika kila mtaa wa Uingereza likishindwa kuifanya njia ilipe, mgeni anapaswa kujiuliza mara mbili atafanya nini tofauti.

Majirani wanatoa fundisho lao. Kenya Airways ilipanuka kwa kasi kwa kununua ndege kubwa, na katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 ilitangaza hasara ya shilingi za Kenya bilioni 26.2. Ilizikodisha Boeing 777-300ER zake kwa Turkish Airlines na Dreamliner mbili kwa Oman Air, na iliuza kwa Oman Air nafasi moja ya kutua na kuruka Heathrow kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 75. Bei hiyo inaonyesha ni kwa nini wageni wengi wa London huishia Gatwick: nafasi ya Heathrow inaweza kuwa na thamani ya theluthi moja au zaidi ya bei ya ndege mpya. Pamoja na hayo, Oktoba 28, 2018 Kenya Airways ilianzisha safari ya moja kwa moja kwenda New York, ikitegemea abiria wanaokusanywa Nairobi kutoka Afrika Mashariki na Kati, abiria walewale ambao ATCL inawatafuta.

Uganda Airlines, iliyofufuliwa mwaka 2019, inafanana zaidi na ATCL. Ilipokea ndege mbili aina ya Airbus A330-800 kati ya Desemba 2020 na Februari 2021. Haikukimbilia London. Ilianza Dubai Oktoba 2021, ikafuata Mumbai Oktoba 2023, na ndipo Mei 2025 ikaruka kwenda Gatwick. Mashirika mawili ya serikali, yenye ndege za watengenezaji tofauti, yote yaliiweka India mbele ya Uingereza. Si ajabu, kwani walikuwa wakisoma soko lilelile.

Dubai ni suala lenye utata zaidi. ATCL ilianza safari za huko Machi 31, 2024. Abiria wapo, tena wengi, kwa biashara na ajira, lakini njia hiyo ni uwanja wa nyumbani wa Emirates na flydubai. Shirika dogo likipunguza nauli, wakubwa wanaweza kupunguza zaidi na kuvumilia kwa mwaka mzima. Abiria atafaidika kwa ushindani huo. Kama mwenye ndege naye atafaidika, hilo litaonekana katika vitabu vya hesabu.

Na vitabu hivyo havijawa na habari njema. Kwa mujibu wa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), hasara ya ATCL ilikuwa Sh bilioni 35.2 mwaka wa fedha 2021/22, Sh bilioni 56.6 mwaka 2022/23 na Sh bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Sehemu ya mzigo huo inatokana na utaratibu ambao ndege ni mali ya Wakala wa Ndege za Serikali (TGFA), na ATCL inazikodi, hivyo hulipa au kudaiwa hata ndege inapokuwa karakanani. Soko lenyewe nalo ni jembamba. Makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Usafiri wa Anga (IATA) yaliyotolewa Desemba 2024 yalionyesha kuwa mwaka 2025 mashirika ya Afrika yangepata faida ya dola moja ya Marekani kwa kila abiria, wakati wastani wa dunia ungekuwa dola saba. Kwa dola moja, kosa moja la ratiba hufuta faida ya ndege nzima.

Yapo pia mambo ambayo shirika haliamui peke yake. Haki ya kuruka kati ya nchi mbili hutokana na mkataba wa huduma za anga baina ya serikali zao, unaoweza kutaja hata idadi ya safari kwa wiki. Ipo pia hatari ya madeni ya serikali: Agosti 2019 ndege ya ATCL aina ya A220 ilizuiwa Johannesburg kwa amri ya mahakama kutokana na madai ya fidia dhidi ya Serikali ya Tanzania, na Novemba mwaka huohuo nyingine ilizuiwa Canada kabla ya kukabidhiwa. Mpangaji wa njia za ndege inayomilikiwa na serikali analazimika kujua nani anaidai serikali hiyo, na katika mahakama za nchi gani.

Kikwazo kikubwa kwa Ulaya kilikuja Desemba 2024, pale Umoja wa Ulaya ulipoiweka ATCL katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, kwa sababu za usalama. Juni 2025 marufuku hiyo ilipanuliwa kuyahusu mashirika yote yenye leseni ya Tanzania. ATCL haikuwa ikiruka kwenda Umoja wa Ulaya, hivyo hakuna safari iliyofutwa siku hiyo. Lakini kampuni za utalii za Ulaya zinazouza vifurushi vya Serengeti na Zanzibar huisoma orodha hiyo kabla ya kuwakatia wateja wao tiketi za ndani ya nchi. Uingereza haimo tena katika Umoja huo na ina utaratibu wake wa kutoa vibali, ila nayo hukagua nyaraka za usalama kwa ukali usiopungua.

Hivyo njia ya London, kwa sasa, haianzii katika idara ya masoko ya ATCL. Inaanzia katika Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), katika mafaili ya wakaguzi, rekodi za matengenezo na idadi ya wataalamu wa kuyasimamia hayo, kazi ambayo haina sherehe ya mapokezi uwanjani. Wakati kazi hiyo ikiendelea, njia ya Entebbe hadi Gatwick itakuwa ikionyesha, msimu hadi msimu, ni viti vingapi vinavyojazwa na kwa nauli gani.