Je, Wajua? Damu Hailali Ndani ya Chupa

Je, wajua kwamba damu ikishatolewa mwilini bado huendelea kula? Chembe zake huitumia sukari iliyomo ndani ya chupa, na kwenye joto la kawaida la chumba sukari hiyo hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mgonjwa wa kisukari aliyetolewa damu asubuhi, ikaja kupimwa alasiri, anaweza kuambiwa yuko salama, kumbe sivyo. Chupa ya kifuniko cha kijivu ina floridi ya kuuzuia ulaji huo, ila nayo haifanyi kazi papo hapo. Damu iwahishwe maabara.

Je, wajua kwamba rangi za vifuniko si urembo? Zambarau ina EDTA, ya kuzuia damu isigande ili chembe zihesabiwe. Bluu ina sitrati, ya kupima jinsi damu inavyoganda, na lazima ijae hadi kwenye alama: sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya dawa. Hata kujaza kuna zamu yake: bluu hutangulia, kisha nyekundu, kijani, zambarau, na kijivu mwisho. EDTA huwa katika chumvi ya potasiamu, na hunasa kalsiamu. Tone dogo tu likivuka kutoka chupa ya zambarau kwenda nyekundu, karatasi ya majibu itaonyesha potasiamu iliyopanda na kalsiamu iliyoshuka, na daktari atahangaika na ugonjwa usiokuwepo.

Potasiamu hiyohiyo imejaa ndani ya chembe nyekundu, zaidi ya mara 20 ya ile iliyo nje yake. Ukiitikisa chupa, chembe hupasuka na kuimwaga. Chupa hupinduliwa taratibu, mara kadhaa, basi. Mgonjwa naye asiambiwe akunje na kukunjua ngumi mfululizo, na mpira unaofungwa mkononi usikae zaidi ya dakika 1.

Je, wajua kwamba kuna vimelea wanaojua saa? Vijiminyoo vya matende na mabusha, kwa aina iliyoenea Afrika Mashariki, hujificha mchana kwenye mishipa ya mapafu, kisha hutoka kwenye damu ya pembeni usiku, mbu wanapouma. Kwa hiyo damu ya kuvitafuta kwa darubini hutolewa kati ya saa 4 usiku na saa 8 usiku. Patrick Manson, daktari Mskoti aliyefanya kazi Xiamen, China, alionyesha mwaka 1877 kwamba vijiminyoo hivyo hukua ndani ya mbu. Kichocho, ambacho Unguja na Pemba wanakijua vizuri, ni kinyume chake: mayai yake hutoka kwa wingi kwenye mkojo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Na matone ya mwisho ya mkojo yasimwagwe, maana ndiyo yenye mayai mengi. Ukitafutwa uambukizi wa bakteria, hapo hukingwa mkojo wa katikati.

Makohozi si mate. Kwa kipimo cha kifua kikuu, kohoa kutoka kifuani, nje penye hewa, mbali na watu. Huko Morogoro, panya buku waliofunzwa na shirika la APOPO, lenye makao Chuo Kikuu cha Sokoine, huutafuta ugonjwa huo kwa kunusa makohozi ambayo bakteria wake wameshauawa kwa joto. Panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa takriban dakika 20.

Je, wajua kwamba jokofu si rafiki wa kila sampuli? Mkojo usiopimwa ndani ya saa 2 huwekwa humo. Maji ya uti wa mgongo yanayosubiri kuoteshwa, la: bakteria wa homa ya uti wa mgongo hufa kwa baridi. Choo cha majimaji kinachotafutwa ameba hai kisomwe ndani ya dakika 30.

Kabla ya kutoa damu, swali sahihi ni “Jina lako nani?”, si “Wewe ndiye Juma?” Mtu mwenye homa kali huitikia lolote. Jina liandikwe kwenye chupa hapohapo mbele yake, damu ikishaingia. Mgonjwa ana haki ya kuomba aonyeshwe.

Je, wajua kwamba tone la kisigino cha mtoto huweza kusafiri bila barafu? Robert Guthrie wa Marekani alichapisha njia ya kupima damu iliyokaushwa kwenye karatasi mwaka 1963. Leo karatasi kama hiyo hupima VVU kwa mtoto wa wiki 6 aliyezaliwa na mama mwenye maambukizi. Tone lijaze duara, lisiguswe kwa kidole, likaushwe likiwa limelazwa kwa saa 3 au zaidi, mbali na jua. Karatasi ikifungwa mbichi, maabara huikataa, na mama aliyekwisha kutembea mwendo mrefu huitwa tena pamoja na mwanawe, mtoto atobolewe upya.