Wanaongoja Mianga ya Kaskazini

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Kaskazini kabisa mwa Norway kuna mahali paitwapo Alta. Huko jua likizama mwishoni mwa Novemba, halichomozi tena mpaka katikati ya Januari. Wapiga picha hulipenda giza hilo. Hutoka na kamera zao, wakasimama kwenye theluji wakiingojea mianga ya kaskazini.

Mianga hiyo asili yake ni jua. Jua hutupa angani chembe zenye umeme, sumaku ya dunia ikazielekeza kwenye ncha zake, nazo zikigonga hewa ya juu, hewa inang'aa. Oksijeni hutoa kijani, na juu zaidi nyekundu. Naitrojeni hutoa buluu na zambarau.

Kuipiga picha hakutaki papara. Kamera hukazwa kwenye stendi ya miguu mitatu, lenzi ikarekebishwa mpaka nyota moja angavu iwe nukta safi. Kisha kamera huachwa ikusanye mwanga kwa sekunde 5, 10, hata 15. Ukizidisha sana, nyota zitaota mikia, maana dunia inazunguka. Betri ya akiba hukaa ndani ya koti, kwa kuwa baridi huimaliza upesi.

Mwaka 1892, hapo hapo Alta, Mjerumani Martin Brendel alipata picha ya kwanza ya mianga hii. Baadaye akaja Carl Størmer wa Norway, na huyu ndiye ninayempenda zaidi. Aliweka kamera mbili, kilomita kadhaa kati yake, wapigaji wakiambiana kwa simu ili wapige kwa wakati mmoja.

Kwa nini mbili? Nyosheni kidole gumba mbele ya uso. Fumbeni jicho moja, kisha jingine. Mnaona kidole kinavyohama? Mianga nayo ilihama vivyo hivyo kati ya picha mbili, huku nyota za nyuma, kwa umbali wake, zikibaki palepale. Kwa kupima uhamo huo, Størmer alijua mianga mingi iko kilomita 100 hivi juu yetu, au zaidi. Bila nyota, picha zake zisingempa kipimo.

Basi usiku ambao mianga haitokei, mpiga picha asikunje stendi. Kilimia, lile kundi la nyota, kiko juu, kile kile kinachoonekana kwetu jioni za Januari. Nanyi kipigeni picha, hata kwa simu iliyoegemezwa kwenye jiwe.