Fahamu: Hedifoni isiyo na waya ya gemu za mtandaoni

Kabla ya kutoa pesa dukani Garissa au kuagiza kutoka Nairobi, uliza kwanza: hedifoni hii inaunganishwa vipi? PlayStation 5 haipokei hedifoni za Bluetooth moja kwa moja, hata ziwe za bei ghali namna gani. Xbox ina mfumo wake, hivyo tafuta boksi lililoandikwa Xbox. Nintendo Switch ilianza kupokea sauti ya Bluetooth mwaka 2021, ila maikrofoni haifanyi kazi. Utawasikia wenzako, wao hawatakusikia.

Inayofaa PlayStation ni ile yenye kidude cha USB cha kuchomeka kwenye mashine, inayotumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Sauti hufika karibu papo hapo. Bluetooth ya kawaida huchelewa, na kwenye gemu za risasi utasikia hatua za adui akiwa ameshakumaliza.

Intaneti ni habari nyingine. Mechi ikikwama kwa sababu ya mtandao dhaifu wa simu, hedifoni haitakuokoa, muuzaji aseme atakavyo.

Halafu kuna joto. Garissa hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na mito ya ngozi bandia hujaa jasho upesi kisha hubanduka. Chagua ya kitambaa, na nyepesi.

Kama mfuko hauruhusu, ya waya huchomekwa kwenye pedi ya PS5 kupitia tundu la milimita 3.5. Haihitaji chaji wala haicheleweshi sauti. Kwa anayeanza, mimi ningemshauri hiyo.