Chuo Kikuu cha Marshall: timu iliyoanza upya baada ya msiba

Kila ifikapo tarehe 14 Novemba, wanafunzi na wakazi wa Huntington, mji ulio kando ya mto Ohio katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, hukusanyika mbele ya chemchemi iliyo katikati ya Chuo Kikuu cha Marshall. Maua huwekwa, majina ya marehemu hutajwa, kisha maji ya chemchemi huzimwa. Hayafunguliwi tena mpaka baridi ipite.

Marehemu hao ni watu 75, wakiwamo wachezaji wa timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, walioangamia katika ajali ya ndege mwaka 1970. Wapenzi wa sinema watakuwa wamekijua kisa hiki kwa filamu ya mwaka 2006, We Are Marshall, ambamo Matthew McConaughey aliigiza kama kocha. Filamu hiyo inafikia kilele chake pale timu mpya inapopata ushindi wake wa kwanza. Ushindi huo ulikuwa wa kweli. Lakini baada yake ilifuata miaka zaidi ya kumi ya kushindwa, na mtu akitaka kuielewa Marshall hana budi kuitazama miaka hiyo.

Msikilizaji wa Mombasa au wa Muscat huenda akauliza: timu ya wanafunzi iushughulishe mji mzima kwa nini? Jibu ni kwamba nchini Marekani michezo ya vyuo vikuu hujaza viwanja vya maelfu ya watu, na West Virginia haina timu ya kulipwa katika ligi kuu ya mchezo huo. Chuo ndicho timu ya mji. Mchezo wenyewe ni wa mpira wenye umbo la yai, watu kumi na mmoja kila upande. Timu hupewa nafasi nne za kusogea yadi kumi mbele, kwa kuubeba mpira au kuurusha. Ikifanikiwa, hupewa nyingine nne. Anayeufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani huipatia timu yake pointi sita. Ni mchezo wa nguvu na migongano mikubwa, na kwa sababu hiyo umri na ukomavu wa mwili vina uzito mkubwa ndani yake.

Marshall ilianza mwaka 1837 kama shule ndogo, ikapewa jina la John Marshall, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Marekani, na ilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1961 tu. Timu yake, iitwayo Thundering Herd, yaani kundi la nyati lenye kishindo cha radi, haikuwa na makuu katika muongo ule wa 1960. Ilicheza mechi 27 mfululizo bila kushinda hata moja. Mwaka 1969, kana kwamba hayo hayatoshi, ilisimamishwa katika ligi yake, ya Mid-American, kwa kuvunja kanuni za kusajili wachezaji.

Kikosi cha mwaka 1970, chini ya kocha Rick Tolley, kilikuwa cha kuijenga timu upya. Miongoni mwa wachezaji wake walikuwamo vijana weusi kutoka majimbo ya kusini kama vile Alabama, ambako vyuo vikubwa vya wazungu vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kuwafungulia milango ya timu zao. Vijana hao walisafiri mbali na kwao ili wapate kusoma na kucheza.

Jumamosi ya tarehe 14 Novemba 1970, Marshall ilifungwa na Chuo Kikuu cha East Carolina kwa pointi 17 kwa 14. Timu haikuwa na desturi ya kusafiri kwa ndege, kwani mechi zake nyingi zilifikika kwa barabara, ila safari hii ilikodiwa ndege aina ya DC-9 ya shirika la Southern Airways. Saa moja na dakika thelathini na sita usiku, katika mvua na ukungu, ndege hiyo iligonga miti ya kilima karibu na uwanja wa ndege wa Huntington, ikaanguka na kuwaka moto. Hakuna aliyepona.

Wachunguzi walieleza kwamba marubani walishuka chini ya kimo kilichoruhusiwa kabla ya kuiona njia ya kutua. Sababu hasa ya kushuka hivyo haikuthibitishwa. Ama vyombo vya ndege vilitumiwa visivyo, ama kipimo cha mwinuko kilidanganya.

Wachezaji waliokufa walikuwa 37. Pamoja nao walikufa makocha, mkurugenzi wa michezo, na wafadhili wa timu waliokuwa watu mashuhuri wa mji, madaktari na wafanyabiashara, baadhi yao wakiwa na wake zao. Watoto wapatao 70 walipoteza mzazi mmoja au wote wawili, na 18 wakabaki yatima kabisa. Miili sita ya wachezaji haikuweza kutambuliwa, ikazikwa bega kwa bega katika makaburi ya Spring Hill.

Je, timu ifutwe? Hoja ya kuifuta haikuwa ya kipuuzi. Mji ulikuwa katika matanga, na mchezo uliowaua vijana wale haukuonekana kuwa na haja. Wachezaji wachache waliosalia, akiwamo Nate Ruffin, ambaye hakusafiri kwa sababu ya jeraha, walitaka iendelee. Chuo kikakubali. Kumpata kocha hakukuwa rahisi. Aliyeteuliwa kwanza aliondoka baada ya siku chache tu. Machi 1971 akaja Jack Lengyel, kutoka chuo kidogo cha Wooster katika jimbo jirani la Ohio.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kanuni za wakati ule za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zilimkataza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kucheza futiboli katika timu kuu. Kwa kanuni hizo Marshall isingepata kikosi. NCAA ikailegezea sharti hilo, na vijana waliotoka sekondari miezi michache tu iliyopita wakaingia kupambana na wanaume wa miaka 21 na 22. Lengyel alisaka wengine hata katika timu za chuo za michezo mingine. Bobby Bowden, kocha wa Chuo Kikuu cha West Virginia, mpinzani wao wa jimbo hilohilo, alimfungulia mafaili yake ili ajifunze mfumo rahisi wa ushambuliaji unaowafaa vijana wasio na uzoefu.

Tarehe 25 Septemba 1971, katika mechi ya kwanza nyumbani, Marshall ilikuwa nyuma ya Xavier kwa pointi 13 kwa 9. Katika tukio la mwisho kabisa la mchezo, Reggie Oliver alimpasia Terry Gardner, naye akakimbia hadi mstarini. Matokeo yakawa 15 kwa 13.

Msimu huo walishinda mechi moja nyingine tu, wakapoteza nane. Katika misimu minne Lengyel alishinda mechi 9 na kushindwa 33. Makocha wawili waliomfuata nao hawakuufikisha hata msimu mmoja kwenye ushindi mwingi kuliko kushindwa. Ilipofika 1984, ndipo Marshall ilipopata msimu wa kwanza wa namna hiyo tangu 1964. Wale vijana wa 1971 walikuwa wamekwisha kuhitimu zamani, na hakuna aliyewatengenezea filamu waliocheza katikati.

Mavuno yalikuja baadaye, tena kwa wingi. Marshall ilitwaa ubingwa wa taifa wa daraja la pili mwaka 1992 na tena 1996, mara ya pili ikiwa na Randy Moss na bila kufungwa mechi hata moja. Mwaka 1999, sasa katika daraja la juu na ikiongozwa uwanjani na Chad Pennington, ilishinda mechi zote 13. Desemba 2001 ilikutana na East Carolina, wapinzani wale wale wa 1970, mjini Mobile, Alabama. Wakati wa mapumziko ilikuwa nyuma kwa 38 kwa 8. Ilishinda kwa 64 kwa 61 baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Nate Ruffin hakuiona mechi hiyo. Alifariki dunia Oktoba mwaka huohuo, akazikwa Spring Hill karibu na wenzake.

Kanuni za michezo ya vyuo zimebadilika sana tangu enzi hizo. Leo mchezaji anaweza kuhama chuo kwa urahisi. Mwaka 2024 Marshall ilitwaa ubingwa wa ligi ya Sun Belt, kisha kocha akaondoka na wachezaji wengi wakatangaza kuhama. Siku chache baadaye chuo kilijitoa katika mechi ya Independence Bowl, kwa kuwa wachezaji waliobaki hawakutosha.