Mlio na Neno: King'ora na Simu katika Utoaji wa Tahadhari

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Methali hiyo yaeleza nusu tu ya kazi ya tahadhari. Jambo lenyewe ni lipi, na msikilizaji afanye nini, ni habari isiyomo katika mlio. Makala hii inalinganisha king'ora na simu ya mkononi kwa kuzingatia Ekero, soko lililo karibu na mji wa Mumias, Kaunti ya Kakamega.

Eneo la Mumias hupitiwa na Mto Nzoia, unaoteremka kutoka milima ya Cherangani na Elgon hadi Ziwa Viktoria. Mvua ikinyesha milimani, maji huweza kufurika bondeni kusikonyesha. Huko Budalangi, karibu na ziwa, mto huo ulibomoa kingo zake mwaka wa 2008 na kuwahamisha watu wengi. Kwa hivyo, akaaye kando ya mto hawezi kutegemea macho yake pekee.

King'ora humwamsha aliyelala, wala hakimbagui asiye na simu au asiyejua kusoma. Kasoro yake ni ububu. Tarehe 8 Agosti 2023, moto ulipoteketeza mji wa Lahaina, Hawaii, na kuua watu zaidi ya 100, ving'ora havikulizwa. Mkuu wa huduma za dharura alijitetea kuwa wakazi walizoea mlio huo kama ishara ya tsunami. Wangekimbilia mlimani, kwenye moto.

Simu, kwa upande wake, ina maneno. Arafa za kawaida hutumwa kwa kila nambari, na huchelewa mtandao unapoelemewa. Upo pia utaratibu wa mnara kutangazia simu zote zilizo katika eneo lake kwa mpigo mmoja, bila kuhitaji nambari. Hata hivyo, simu iliyoishiwa na chaji haisemi kitu, na neno lisilo la kweli huenea kasi ileile. Hawaii hiyohiyo, tarehe 13 Januari 2018, simu zilitangaza shambulio la kombora ambalo halikuwapo. Masahihisho yalifika baada ya dakika 38.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Linganisha: "Ongezeko la kina cha maji linatarajiwa" na "Mto Nzoia unafurika. Ondokeni kando ya mto sasa, nendeni sehemu za juu." Sentensi ya kwanza inaarifu, kauli ya pili inaokoa. Kwa mkongwe wa Ekero, huenda kauli hiyo ikahitaji kutolewa kwa Kiwanga pia.

Basi vyombo hivi havishindani: king'ora kiamshe, simu ieleze. Lakini maana ya mlio sharti ikubaliwe barazani kabla ya masika, na maneno ya ujumbe yaandaliwe mapema. Kazi hiyo ya pili haiwezi kuachiwa wahandisi peke yao. Ni ya wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili vilevile.