Swali Linalobaki Moyoni
Mwanamke anayeambiwa kwamba titi lake litaondolewa kwa sababu ya saratani mara nyingi huwa na maswali mawili: je, atapona? Na je, mumewe atamtazama vipi? La kwanza hujibiwa kliniki. La pili hubaki moyoni, na wapo wanaokimbia upasuaji kwa ajili yake. Yafaa mhudumu wa afya alianzishe mwenyewe, kabla ya siku ya upasuaji. Aeleze kwamba jeraha likipona, titi bandia, hata la kitambaa, huvaliwa ndani ya sidiria. Na kwamba nywele zinazonyonyoka kwa dawa, aghalabu wiki 2 hadi 3 baada ya dozi ya kwanza, kwa kawaida huota tena matibabu yakiisha. Mgonjwa akidumu katika huzuni, kukosa usingizi na kujitenga kwa wiki 2 au zaidi, awaarifu wahudumu wake: hali hiyo nayo hutibika.